Msimcheke kijana anayelima kwenye simu

Kila mwanasiasa akipanda jukwaani Kisumu huwa amebeba sentensi moja ya vijana: rudini shambani. Anaisema kwa sauti ya baba, watu wanapiga makofi, kisha anaingia kwenye gari lake na kuondoka. Wazee wa mtaa nao wameidaka. Ukiketi kituo cha boda hapa Nyalenda, kando ya Ring Road, umeinamia simu ukivuna ngano kwa kidole, hukosi mtu wa kukurushia neno: "Shamba la nyumbani limejaa magugu na wewe uko hapa unalima hewa."

Naelewa kwa nini inachekesha. Msee wa miaka 24, kazi hana, lakini ana kuku 12, ng'ombe watano na mtambo wa kutengeneza jibini, vyote ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Hata hivyo, leo nataka kumtetea. Sisemi gemu ni kazi. Si kazi, na hapo tutafika. Namtetea kwa sababu ukiangalia vizuri kinachomrudisha kwenye hilo shamba mara kumi kwa siku, utapata orodha kamili ya vitu ambavyo shamba la udongo hapa kwetu limemnyima.

Tuanze na historia kidogo, maana wengi wanadhani haya mambo yalianza jana.

Mwaka wa 2008 kampuni moja ya Shanghai ilitoa gemu iliyoitwa Happy Farm. Unapanda mboga, unangoja ziive, unavuna. Raha yake kubwa ilikuwa wizi: rafiki yako akilala mboga zake zikiwa tayari, unaingia unamchumia. Watu nchini China walikuwa wanatega kengele za saa ili waamke usiku kulinda kabichi ambazo hazipo. Juni 2009 kampuni ya Zynga ya San Francisco ikaleta FarmVille ndani ya Facebook, na hapo ndipo dunia ilipoingia wazimu. Kufikia mapema 2010 gemu hiyo ilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Sensa ya Kenya ya 2009 ilituhesabu watu milioni 38.6. Kwa hivyo chukua kila Mkenya, mtoto wa mgongoni na nyanya wa miaka 90, zidisha kwa mbili, bado hujafikia wakulima wa FarmVille.

Sisi huku tulikuwa tunaingia mlangoni wakati huohuo. Waya wa SEACOM ulianza kazi Mombasa Julai 2009, mwezi mmoja tu baada ya FarmVille kuzinduliwa. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya setilaiti, polepole kama foleni ya maji. Kaka zetu wakubwa walikuwa wanalima kwenye saiba za mjini, wakilipa kwa dakika. Na FarmVille haikuwa na huruma: stroberi zinaiva baada ya saa nne, ukichelewa sana zinanyauka. Kwa hivyo mtu angetoka mtaani kwa miguu hadi mjini, alipe saiba, avune stroberi, apande tena, arudi nyumbani. Huyo mtu huwezi kumwambia hapendi kilimo!

Sasa jiulize, gemu ya kupanda na kungoja, isiyo na risasi wala mpira, ilikuaje kubwa hivyo? Jibu ni neno moja: majirani. Katika FarmVille, ukitaka kupanua shamba ilibidi uwe na majirani wa idadi fulani, au utoe pesa halisi. Kwa hivyo kila mchezaji alikuwa anamvuta mwenzake. Jirani anakuja kuweka mbolea kwenye mimea yako. Unamtumia mti, naye anakutumia mbuzi. Mnyama amepotea, unatangaza kwenye ukurasa wako, mtu anamchukua. Watu wengine walichoka na hizo arifa hadi wakawaondoa marafiki zao Facebook, lakini kwa aliyekuwa ndani, huo ulikuwa mtaa.

FarmVille ilikufa (nitarudi kwa kifo chake) lakini wazo halikufa. Leo vijana wengi ninaowajua wako Hay Day, gemu ya Supercell kutoka Finland iliyotoka 2012 kwa iPhone na 2013 kwa Android. Hapo ngano huiva kwa dakika mbili, mahindi tano, karoti kumi. Kitu hakinyauki. Hata usipoingia wiki nzima kwa sababu bando limeisha, utakuta mahindi yako yamesimama yakikungoja. Kando ya barabara una kibanda chako, kama cha mama mboga, unaweka bidhaa na bei. Na kuna kitu kinaitwa ujirani: kundi la wachezaji hadi 30 wanaosaidiana.

Hizo ujirani ndizo zinazokua, si shamba la mtu mmoja. Kuanzia Jumanne hadi Jumatatu kuna debi, na usidhani ni Mashemeji. Kila mtu anachukua kazi: vuna kiasi hiki, oka mikate hii, jaza mashua. Alama zako zinaenda kwa kundi. Ukichukua kazi na usiifanye, unaangusha watu 29, na watakutoa. Nje ya gemu kundi lina WhatsApp yake, na huko ndiko maisha yaliko. "Nani ana bolti? Ghala limejaa." "Niko na tatu, naweka kibandani kwa bei ya chini, ingia haraka kabla mgeni hajanunua." Gemu yenyewe hairuhusu kumpa mwenzako bolti bure, kwa hivyo watu wamejitungia njia: unaweka bei ya kutupa, unamwambia jirani, anakimbia.

Kundi nililomo mimi lina watu wa Nyalenda, Manyatta na Nyamasaria, na mmoja yuko Doha anafanya usalama zamu ya usiku. Tulikutana kwa sababu ya kabichi. Mwaka jana mmoja wetu alifiwa na mamake. Hakuna aliyetangaza kamati, hakuna kadi iliyochapishwa. Mtu aliandika tu namba kwenye kundi, na kufikia jioni kila mtu alikuwa ametuma kitu kwa M-Pesa, hata yule wa Doha. Wanne wetu tulifika matanga. Ndiyo mara ya kwanza tulionana uso kwa uso na tukawa tunaitana kwa majina ya mashamba.

Wazee wetu wana jina la jambo hili. Kwa Kijaluo, watu wakikusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, hiyo ni rika. Wakija kukusaidia nawe ukawapikia, hiyo ni saga. Waswahili wanasema ujima. Shuleni kuna 4-K, iliyofufuliwa na serikali 2021 baada ya kulala miaka mingi, na zile K ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kwa hivyo mzee akiniambia vijana wa siku hizi hawajui kulima pamoja, namwambia njoo uone debi Jumatatu asubuhi, watu wakimalizia kazi za mwisho.

Sasa twende kwenye udongo, maana hapo ndipo hoja yangu iko.

Kwenye gemu, siku ya kwanza unapewa shamba. Halijakodiwa, wala si la mjomba ambaye akikasirika anakufukuza. Ukitaka kulipanua unahitaji vitu vitatu: hati ya ardhi, nyundo na kigingi cha mpaka. Na hati ya ardhi unaipata namna gani? Unavuna ngano, inadondoka. Soma tena hiyo sentensi ukiwa Nyalenda. Hatimiliki inadondoka kutoka kwa ngano! Hapa kuna watu wameenda ofisi ya ardhi na mahakamani kwa miaka 20 kutafuta karatasi hiyohiyo, na wengine wamezikwa bila kuiona.

Sehemu kubwa ya ardhi yetu Nyalenda ni ya koo na familia, na mwenye nayo akipata pesa anajenga nyumba za kupangisha. Simlaumu, kodi inaingia kila mwezi na sukuma haiingii kila mwezi. Lakini maana yake ni kwamba sisi wengine ni wapangaji wa chumba kimoja, na mahali pa kulima ni bondeni, kando ya Mto Auji, au kushuka huko Nanga na Dunga karibu na mafunjo. Huko kuna akina mama na vijana wachache wanalima sukuma, osuga na dek. Maji ya Auji yanabeba taka ya mtaa mzima. Mvua ikizidi mto unapanda. Na ziwa lenyewe likiamua, linakuja: Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kimo cha rekodi na watu wa Dunga wakahama. Hakuna bima. Hakuna jirani wa kukufufulia mimea.

Cha pili ni bei. Kwenye kibanda cha gemu, kila kitu kina bei ya juu inayojulikana, na mnunuzi akija haombi nyongeza. Nenda Kibuye Jumapili na magunia mawili ya mboga uone. Sukuma imeshafika kwa lori kutoka Kisii na Nandi, mayai yamevuka Busia kutoka Uganda, na anayepanga bei si wewe. Kufikia saa kumi jioni unauza kwa kile utakachopewa kwa sababu mboga haingoji. Kwenye simu mahindi yanakungoja wiki. Mboga ya kweli haingoji hata jua lizame.

Cha tatu ni mtaji. Gemu inakuanzishia sarafu na mbegu. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 2022, na mkopo wake unaanzia shilingi 500. Nani atakodi shamba, anunue mbegu, dawa na bomba la maji kwa 500? Hiyo ni nauli na chakula cha siku moja au mbili.

Cha nne ni hao majirani. Kijana akilima peke yake bondeni, anachukuliwa kama aliyeshindwa na maisha. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili karo ikikataa, na nakwambia hakuna kitu kinachoogopesha familia kama kusikia "nimeamua kulima." Wanasikia "nimekata tamaa." Kwenye ujirani wa gemu, ukifika kiwango cha 50 watu wanakupongeza. Binadamu yeyote hurudi mahali anapopongezwa.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini vijana wanalima kwenye simu na hawalimi bondeni, sitakwambia ni uvivu. Wanalima mahali ambapo kuna ardhi, bei, mtaji na watu. Weka vitu hivyo vinne bondeni uone kama Ring Road haitabaki tupu asubuhi.

Najua kuna watakaosema: acha porojo, gemu inadanganya. Ni kweli inadanganya. Kwenye gemu hakuna kiwavi, hakuna ukame, kila mbegu inaota. Kijana akizoea hivyo, akigusa udongo ataumia. Kenya tumeshaona ugonjwa huo hata bila gemu. Mnakumbuka kware wa 2013 na 2014? Huku kwetu ndege huyo ni aluru, wazee walikuwa wanamtega kwa vitundu vilivyotundikwa kwenye mti mrefu. Ghafla nchi nzima ikaambiwa yai lake ni dawa ya kila kitu. Watu walipanga foleni KWS kutafuta leseni, maana kware alihesabiwa mnyamapori. Yai likauzwa hadi shilingi 100. Kisha kila mtu akawa na kware, mnunuzi akakosekana, bei ikaanguka 2014 na watu wakabaki na vizimba. Hesabu za kwenye karatasi zilikuwa tamu kama za gemu: kuku mmoja, mayai haya, mara mwezi, mara mwaka, gari! Hata "mkulima wa simu", yule wa Nairobi anayeendesha shamba la Bondo kwa kupiga simu kila Jumamosi, anacheza gemu yake. Tofauti ni kwamba yake inakula mshahara.

Lakini angalia dawa ya uongo huo imetoka wapi. Imetoka kwa wakulima wenyewe kukutana mtandaoni. Joseph Macharia alianzisha Mkulima Young mwaka wa 2013 ili vijana wauze na waulizane bila dalali. Kwenye Facebook kuna Digital Farmers Kenya, na ukiweka picha ya jani lenye madoa huko, mtu wa Nakuru atakwambia ni nini kabla ya afisa wa kilimo kupokea simu. Ni tabia ileile ya ujirani: uliza, jibiwa, saidia. Kijana aliyefunzwa na Hay Day kwamba swali la jirani linajibiwa haraka yuko tayari kwa makundi kama hayo kuliko mtu aliyefunzwa kuficha siri ya shamba lake.

Sasa nigeuke kwetu wachezaji, maana tusijipake asali tu.

Shamba unalolima kwenye simu si lako. FarmVille ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Teknolojia ya Flash iliyoiendesha ilikuwa inazimwa, Zynga wakaaga, na mashamba yaliyolimwa miaka 11 yakaisha usiku mmoja. Na hata kabla ya hapo ilikuwa imeshadhoofika, kwa sababu mapema 2010 Facebook ilipunguza zile arifa zilizokuwa zinaleta majirani. Zynga ilikuwa tajiri, lakini ilikuwa mpangaji. Mwenye ploti alibadilisha sheria za geti na wageni wakapungua. Sisi wa Nyalenda hakuna mtu anayehitaji kutueleza hadithi hiyo mara mbili.

Zynga yenyewe ilinunuliwa na Take-Two mwaka wa 2022. Supercell iko chini ya Tencent ya China tangu 2016. Hao ni watu wa biashara na wanapata pesa yao pale subira yako inapoisha na ukanunua almasi ili mkate uive haraka. Ukijikuta umekopa Fuliza kununua almasi, omera, funga simu uende ukaoge. Hapo umekuwa zao, si mkulima.

Cha kubaki nacho ni watu. Ile listi ya namba 30 kwenye WhatsApp ndiyo mavuno pekee ambayo kampuni haiwezi kuzima. Kwa hivyo nina mapendekezo mawili.

La kwanza ni kwa kaunti na kwa wale wa jukwaani. Acheni kutuhubiria shamba, tuonyesheni shamba. Kuna vipande vya ardhi ya umma vimekaa na nyasi mjini humu. Vipimwe, vikodishwe kwa vikundi vya vijana kwa misimu, kwa mkataba ulioandikwa, si kwa neno la mtu. Wekeni maji yanayoweza kumwagilia mboga bila kumpa mlaji kipindupindu. Na sokoni tengeni nafasi ya anayeuza alichopanda mwenyewe. Hakuna hapo kinachohitaji safari ya kujifunza ng'ambo.

La pili ni kwetu. Baada ya machafuko ya 2007/08, watu wa Kibera walianza kulima sukuma kwenye magunia mlangoni kwa sababu ardhi haikuwepo. Gunia moja, udongo, mawe katikati ya kupitisha maji, mashimo pembeni. Hilo linaweza kukaa kwenye ploti yoyote ya Nyalenda mwenye nyumba akikubali. Mtu mmoja na gunia moja ni mapambo. Watu 30 na magunia mawili kila mmoja, wakipanda kwa zamu ili mavuno yasije siku moja, wanaweza kumpelekea mama mboga mmoja mboga kila wiki kwa bei waliyokubaliana. Hiyo ni debi, na tayari tunajua kuicheza: kila mtu na kazi yake, ukizembea unaangusha wenzako.

Na sheria haitaki watu wengi. Tangu 2022 kikundi cha kijamii kinaweza kusajiliwa kikiwa na wanachama kumi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti na kuomba mkopo wa Uwezo, usio na riba. Ujirani mmoja wa Hay Day una watu mara tatu ya hao. Wanaaminiana, wamezikiana, wana nidhamu ya Jumanne hadi Jumatatu. Wanachokosa ni daftari, mwekahazina na safari moja ya ofisi ya maendeleo ya jamii.

Kwa hivyo mkimaliza debi ya wiki hii, kabla hamjaanza nyingine, ulizeni swali moja kwenye kundi: nani ana gunia?